Mgomba Ulioota Juu ya Kaburi Lako

Papa,

Kaburi lako limeota. Ningekuficha, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutoogopa mambo ya namna hii, basi sikiliza.

Ulipokwenda uwanja wa ndege wa Mavivi kumpokea mgeni wa kanisa, gari lilikutwa kwenye barabara ya Beni, milango wazi, na wewe na mgeni wako hamkuonekana. Tulingoja mpaka tukachoka. Mwishowe wazee wakasema mtu asiye na kaburi hatulii, tuzike mgomba mahali pako. Mchungaji mzima kuzikwa hivyo! Ungecheka mpaka miwani yako ianguke. Vijana waliotumwa kukata shina tupu, lisiloweza kuota, waliwaogopa askari wa doria, wakaling'oa haraka pamoja na mzizi. Mzizi huo niliuona kwa macho yangu ukishushwa shimoni, umetokeza nje ya shuka, una udongo bado. Hakuna aliyejali.

Mvua zilipoanza, jani likatoka.

Sasa watu wanakuja, wa hapa Vulamba na hata wa Kipese, wanapiga magoti. Mwanamke mmoja alichana kipande cha jani akamfungia mtoto wake mwenye homa. Mama hafungi tena mlango kwa ufunguo. "Papa yako hakukufa," ananiambia, "iko mu njia." Na anakula, Papa. Tangu upotee sikuwa nimemwona akimaliza sahani.

Jumapili ni Pasaka, na nimepewa mimi mahubiri. Shemasi ameniomba niseme neno juu ya muujiza wako. Jibu lako nalijua. Ulinipa tukichambua maharagwe, siku nilipokuuliza juu ya divai ya Kana: "Masika, usiulize kama mayi iligeuka kweli. Uliza ile batu balikuwa banataka kutuambia nini." Niliyapenda maneno yale, nikayabishania chuoni kwa wachungaji wenzangu mpaka nikaitwa mpagani. Lakini wakati ule ulikuwa mbele yangu, mikono yako ndani ya ungo. Leo nayachukia kidogo. Ni rahisi kusema kaburi tupu ni lugha ya imani kama unajua maiti ya mtu wako ilipolala.

Nikiutaja mzizi, Mama ataanza tena kusukuma sahani. Nikinyamaza, yote uliyonifundisha nitakuwa nimeyazika mwenyewe. Na mimi niliyeuona mzizi, kila asubuhi napita pale kabla ya kuchota maji, nakuita kwa sauti ndogo. Juzi mtu alikohoa nyuma yangu, kikohozi chako kabisa. Sikugeuka, nisije nikakuta hakuna mtu.

Lala salama, Papa, kama umelala. Nakuahidi Jumapili nitawaambia juu ya mzizi, na Mama nitamwambia kwanza, nyumbani, nimemshika mkono. Lakini kama ungali unatembea mahali, njoo uniumbue mbele ya kanisa zima.

Binti yako,
Masika