Fimbo za Masalu

Jumatatu, 5 Juni 1995

Pete nne za fimbo, za kupitishia mshipi, kabla ya chai. Uzi wa pamba, mizunguko ishirini kila pete, halafu vanishi. Ya tano imenigomea. Waya mbovu, umetoka kwenye mota iliyoungua. Nimeutupa.

Masalu yuko kibarazani tangu saa moja. Kisu mkono wa kushoto, mwanzi mapajani. Mwanzi uleule tangu Machi. Akija mteja anaukwangua kidogo, unga unadondoka, mteja anaridhika kwamba mzee yupo kazini.

Leo kaja mtu wa Ipililo. Anataka fimbo ya kuvulia kambare lamboni. Kasimamishwa peku mlangoni, nami nikaweka alama ya mkaa kwenye mwimo juu ya utosi wake, kama mke anayemsaidia mumewe. Fimbo zetu hupimwa kwa mwili wa mtu. Mfupi hapewi ndefu hata akilia. Akaondoka akisifu kwamba mikono ya mzee haizeeki. Mikono ya mzee! Nilikuwa nimesharudi nyuma ya ua wa mabua, vidole vimenata gundi. Nikauma ulimi.

Kiharusi kilimpiga masika ya mwaka jana, upande wote wa kulia. Tangu hapo kila fimbo inayotoka nyumba hii nimeitengeneza mimi. Miaka kumi na mitano nilimshikia mianzi akichonga, na macho hayana pazia. Hakuna anayejua. Huku kwetu mwanamke akiruka tu fimbo ya kuvulia, wanasema samaki hawaisogelei tena. Sembuse aitengeneze. Wakijua, wateja kwaheri.

Halafu jina lake. Kiwanda cha pamba kilimpunguza, ugonjwa ukachukua mkono. Kimebaki hicho kimoja, kwamba yeye ni Masalu wa fimbo.

Jumatano, 7 Juni

Nimekwenda stendi kununua vanishi. Maduka yamejaa. Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, leo kuna hadi fimbo za kuvulia kutoka Dubai, zimening'inizwa kama soseji. Rangi nyekundu, rangi ya kijani. Urefu mmoja kwa watu wote. Nimezikunja kidogo kwa kidole, mwenye duka akanikaripia. Nyepesi. Sikuzipenda. Kusema kweli zimenitia hofu.

Mchana ikaja pikapu. Bwana Athumani, mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza. Msimu huu wanunuzi ni wengi kuliko kunguru, kila mmoja na mizani yake. Huyu kaja na fimbo ya tajiri wake. Nyeusi, nene kama mpini, ya ng'ambo. Pete mbili zimeng'oka. Jumapili ya wiki ijayo tajiri anakwenda kuvua ziwani, Lamadi. Anaitaka Jumatano. Kasikia Bariadi nzima ni Masalu peke yake anayeweza.

Masalu kaitika kabla sijameza mate. Sifa zitamuua huyu mzee.

Jumamosi, 10 Juni

Pete zimekaa. Nzuri kuliko zile za kiwandani, nasema bila haya. Nimesokota uzi mwembamba mara tatu, nikaupaka vanishi mara nne. Ukipitisha ukucha, hukwami popote.

Lakini karibu na ncha fimbo imepinda. Kidogo tu. Pengine ililaliwa na marobota ya pamba. Bwana Athumani hakuitaja. Hakuomba inyooshwe.

Nimeiegemeza ukutani. Nimeigeuza. Bado naiona.

Jumapili, 11 Juni

Nimeiharibu.

Nimetoka misani, nikabadili kitenge, nikawasha makaa ya mgunga. Nikafanya kama nifanyavyo mwanzi wowote. Mafuta ya ng'ombe kwenye kitambaa, paka, pitisha juu ya makaa ukizungusha, ikilegea vuta taratibu, funika na kitambaa chenye maji. Mwanzi hukushukuru. Hii ikatoa mapovu. Nikasikia harufu ya tairi. Nikaivuta, ikawa laini mkononi kama ugali mbichi, na ilipopoa ikabaki hivyohivyo, imevimba, nyuzi nyeupe zimetokeza. Siyo mti ile. Sijui ni kitu gani. Sikuuliza. Nilidhani kila kilichopinda kinanyooshwa kwa moto kwa sababu mimi sijui njia nyingine.

Jirani kauliza juu ya ua nani anachoma matairi siku ya Bwana.

Nimempelekea Masalu. Kaipapasa kwa mkono wa kushoto, muda mrefu. Ulimi wake bado mzito, lakini neno nililisikia vizuri. Atasema ni yeye.

Nimeshindwa kula.

Jumanne, 13 Juni

Nafikiri tangu jana na kichwa kinauma.

Akisema ni yeye, jina limekwisha. Tangu ujana wake hajaharibu fimbo ya mtu. Nikisema ni mimi, siri imetoka na chakula kimetoka nayo. Njia ya tatu ni uongo. Niseme ilikuja hivyo. Niseme ilikuwa na ufa ndani. Bwana Athumani hajui fimbo, anajua mizani. Angeamini. Nimeufanyia mazoezi uongo huo nikichota maji, na kila mara naona zile pete nilizozifunga. Ningesemaje kwamba iliguswa na fundi asiyeona ufa?

Jioni kaingia shemeji Maduhu, mdogo wake Masalu, kutoka Kimali. Kaleta mzigo wa mianzi kwa mkokoteni wa punda, na kesho ana shughuli mnadani, kwa hiyo analala hapa. Mtu mwema Maduhu. Ndiye anayetuletea wateja wa Meatu. Lakini kwa mila hana mchezo. Ameniona nakaribia mianzi yake, akaisogeza ukutani nisije nikaipita juu. Kaniambia, pole pole kabisa, kama mtu anayesema na mama yake, "Mayu, zunguka huku."

Nikazunguka.

Jumatano, 14 Juni

Naandika upesi kabla sijabadili mawazo yangu juu ya nilichofanya.

Pikapu saa tatu asubuhi. Maduhu bado yupo, anakunywa uji. Nilikuwa nyuma ya ua. Bwana Athumani kaishika fimbo na kuanza kufoka. Hii ni nini? Nitamwambia nini tajiri? Masalu akajikaza kwenye kiti. "Mimi," akasema. Akarudia. Neno la pili halikutoka. Mate yakatoka. Kisu kikamponyoka, na Bwana Athumani akautazama ule mkono wa kulia uliolala mapajani kama wa mtu mwingine. Akaelewa. Akamgeukia dereva wake, akasema, wala hakupunguza sauti, "Kumbe tumempa kazi marehemu."

Marehemu. Mume wangu. Mbele yake.

Nikatoka. Sikumbuki kuinuka. Nilisema fimbo nimeiharibu mimi, Mbuke, kwa moto, na hakuna mwingine aliyeigusa. Nikasema azitazame pete, nazo nimezifunga mimi. Nikasema fimbo zote zilizotoka hapa tangu masika ya mwaka jana ni zangu. Nilipiga kelele, ndiyo, nilipiga kelele na majirani wamesikia.

Bwana Athumani kapitisha ukucha juu ya uzi. Kachukua fimbo, na mbuzi wetu kama fidia. Nilimfungua kamba mwenyewe, ni haki yake.

Maduhu kaacha uji nusu. Kapakia mianzi yake yote kwenye mkokoteni. Mnadani hakwenda. Kaondoka bila kuaga, hata kaka yake hakumuaga. Kikombe bado kiko kibarazani, sitaki kukigusa.

Ijumaa, 16 Juni

Bariadi haina dogo. Watu wawili wa Binza, kule Maswa, wamefunga safari kuja kuchukua fimbo zao zikiwa hazijaisha. Mmoja kaniuliza, kwa heshima zote, kama niliiruka ya kwake. Nikamwambia sikuiruka, niliikalia. Ulimi huu! Kaibeba kwa ncha za vidole kama nyoka.

Masalu hasemi nami. Chakula anakula. Nikimwogesha anageuza uso.

Jumanne, 20 Juni

Tumegombana. Afadhali.

Nilimuuliza wazi kwa nini ananinunia, na mimi ndiye niliyebeba aibu. Maneno yake yanatoka moja moja, lazima uyasubiri. Alisema fimbo si kitu. Mbuzi si kitu. Kwamba nilisema mbele ya mdogo wake. Kwamba Maduhu sasa anajua kaka yake amekaa mwaka mzima na kisu, anadanganya watu.

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia na mimi mwaka mzima nimejificha kwenye ua wangu mwenyewe kama mwizi wa kuku. Mteja akisifu, asante unapokea wewe. Nimekuwa mkono wako, Masalu, na mkono haupewi hata pole. Nikasema ningekuacha useme ni wewe, ningekuwa nimekuzika kweli, kama alivyosema yule mjinga.

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipopunguzwa kazi, hata tulipomzika mtoto wetu wa pili. Alijifuta kwa mkono wa kushoto. Nami nikakaa chini karibu na kiti chake, hasira bado ninayo, lakini nikakaa.

Nampenda. Ananichosha. Vyote viwili.

Alhamisi, 29 Juni

Siku tisa hakuna mteja. Nimevuna pamba ya mwisho ya kale kashamba ketu, masalia tu, yenye vumbi. Nimefikiria kufuma mikeka. Nimefikiria kuuza maandazi stendi, chini ya zile fimbo za Dubai. Mikono inawasha. Nimechonga mwanzi mmoja bila kuagizwa, kibarazani, mchana kweupe. Watu wamepita, wametazama. Waone, na Mungu pia aone. Sikurudi nyuma ya ua.

Masalu aliniangalia nikichonga. Mara moja akaguna. Nilikuwa napeleka kisu dhidi ya pingili. Nikageuza.

Jumanne, 4 Julai

Maduhu karudi.

Nilisikia punda, nikadhani anakuja kunitukana. Kaingia na fimbo yake mwenyewe, ile niliyomtengenezea Machi, wakati huo ikiitwa ya Masalu. Kajikalisha. Salamu za Kisukuma zote, za ng'ombe, za watoto, za mvua, hakuruka hata moja. Halafu kaeleza. Alipotoka hapa aliapa kuivunja. Akaiweka gotini, akaikunja. Ikarudi. Akaiweka kwenye panda ya mti, akavuta na punda wake. Ikarudi. Siku ya tatu akasema basi, akaenda nayo mtoni kuhakikisha samaki wameikataa, ili awaonyeshe watu. Kapata kambare watatu, mmoja mrefu kuliko mkono. Kasimulia haya kwa hasira. Amekasirika kweli, kama mtu aliyeibiwa sababu yake.

Akamuuliza kaka yake aliipa nini fimbo ile hata isivunjike. Masalu akanitazama mimi. Angeweza kujibu, sifa ikabaki yake. Alikuwa na jibu tayari, mwanzi hukaushwa kwa moshi wa jikoni miezi mitatu, yeye ndiye aliyenifundisha, wala usingekuwa uongo.

Maduhu kala, kalala, asubuhi ataondoka. Mianzi aliyokuja nayo kwenye mkokoteni kaiacha. Hakusema kaileta kwa nani. Bado ananiambia nizunguke.

Jumatatu, 10 Julai

Asubuhi baridi. Nimenyoosha mianzi mitano kati ya ile ya Maduhu.

Saa saba nilikuwa jikoni, nakula. Ugali na mlenda. Nikasikia mtu uani mbele, sauti ngeni. Mwadila, mwadila, anasalimu Kisukuma. Kutoka Meatu, kasema. Anamtafuta fundi wa fimbo.

Niliweka tonge chini, nikaanza kuinuka.

Ikaja sauti ya Masalu. Polepole, neno moja moja, lakini yote yalitoka.

"Fundi anakula. Subiri."

Nilikaa tena. Mlenda ulikuwa bado wa moto. Nikala hadi mwisho, nikanawa mikono, ndipo nikatoka.