Bustani Yako Haijakauka

Shikamoo, dada Eliza.

Tangu utuache, mkoa wote wa Singida una mchoraji mmoja tu wa rangi za mafuta, naye ni mimi mdogo wako niliyeishia darasa la tatu. Sijisifu. Magari ya serikali yakifika mbele ya nyumba yangu hupunguza mwendo. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya korongo la barabarani. Waache waseme.

Ila nimechoka, dada. Walituhamishia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama vitunguu vyako. Asubuhi shamba la pamoja, jioni mkutano. Kwako kule ni mahame. Bustani mbuzi wameimaliza, umebaki uzio wa minyaa na kaburi lako.

Kisha Neema wako akaposwa. Mume ni mtu wa reli, yuko Itigi. Akaniambia, "Mjomba, mimi sitaki kitenge wala sufuria. Nataka bustani ya mama, niende nayo." Nami, mdomo wangu unaujua, nikamjibu hilo ni jambo dogo.

Kumbe bustani haibebeki, labda ichorwe. Nikaenda misheni kwa yule Bruda niliyemjengea banda la nguruwe, yule anayechora. Akanipa turubai, brashi na rangi zilizobaki, na kichupa cha mafuta ya kuzilainishia. Nikachora mchicha jani kwa jani, kwa haki kabisa. Bruda akafuta yote kwa kitambaa. "Finya macho," akasema. "Jani liache. Weka rangi unayoiona, weka nyingine kando yake, basi." Nikafinya mpaka kichwa kikauma.

Nikahamia mahameni, nikawa nakaa pale kila asubuhi kabla jua halijawa kali, nikitafuta matuta yalikuwa wapi. Siku moja fisi watatu walikaa nyuma yangu wakitazama kazi, wakaondoka bila kucheka. Nikakumbuka sauti yako: "Usikanyage tuta, we mlevi." Nikasogeza mguu. Tuta halikuwepo, dada. Nilisogeza tu.

Hapo ndipo picha ikaanza kuja. Njano, kijani, na zambarau kwenye kivuli. Miaka yote hii nilidhani kivuli ni cheusi.

Katibu wa kijiji alipoiona akauliza, "Mzee, hii ni bustani au uji umemwagika?" Nikamwambia arudi nyuma. Akarudi, akarudi, mpaka akamkanyaga kuku wa jirani. "Ehe," akasema, "naona vitunguu." Kisha akavua kofia. Alikula sana kwako, yule.

Neema ameondoka na lori la mahindi, picha mapajani, mbichi vilevile. Vumbi lote la njiani likanasa humo. Ametuma salamu kwamba imetundikwa, bado inashika vidole, na mumewe anasema hii ni bustani ya kiangazi hasa, hata vumbi lipo. Lakini kabla hajapanda lori, aliinama akainusa, akafumba macho. "Mjomba, inanukia mama." Nikajibu, watu wote wakinisikia, kwamba mchoraji hodari huchora mpaka harufu.

Basi pumzika, dada. Mvua zikianza nitakuja kupanda vitunguu kando yako, na tuta sitalikanyaga.

Ile harufu ni mafuta yako ya nyonyo. Kichupa cha Bruda kiliisha kazi ikiwa nusu, na kurudi misheni miguu ilikataa. Nikachukua ile chupa yako ya mafuta uliyokuwa ukijipaka, nikachanganyia rangi. Bruda aliposikia akashika kichwa. Anasema nyonyo haikauki, picha itabaki mbichi hivyohivyo. Neema sijamwambia. Na brashi sijaiosha mpaka leo.