Chokaa Haikuwa Mbichi: Kumkumbuka Fundi Zoubeiri

Mwaka umetimia, Baba Nadjati, tangu ukuta wa nyumba ya wachimbaji ukuangukie kule bara, ng'ambo ya kisiwa cha Nosy Be, wanakochimba mawe meusi yanayowaka.

Kwetu Mahajanga ulijenga kwa matumbawe na boriti za mikoko, na ukiulizwa utamaliza lini ulijibu, "Mwulize chokaa." Uliionja kwa ncha ya ulimi kujua kama imeiva, ukatema, kisha ukambusu Nadjati kwa mdomo huo huo, naye akapiga kelele. Mama yako alikugombeza mpaka akachoka. Mjane aliyekosa fundi ulimjengea Ijumaa baada ya sala, ukarudi umeshiba wali wake.

Vita vilipotutoa Mahajanga, tukavukia Nosy Be pamoja na watu wengine wa ufalme wetu wa Boina, hatukupata kazi ila kwa wageni wanaochimba makaa hayo ya mawe. Walitaka nyumba ndefu ya mawe, watu arobaini walale humo, jirani na machimbo. Ulimwambia msimamizi wao mbele yetu, "Bwana, chini ya hapa mmeshachimba. Ardhi yenye tundu haibebi ukuta."

Akakujibu, "Wewe jenga. Ya chini hayakuhusu."

Ukajenga. Hilo linatuuma mpaka leo, maana ulijua. Lakini nyumbani palikuwa na njaa, na sisi ndio tuliokusihi.

Mvua kubwa zilipokuja, ardhi ikatitia. Ulishikilia boriti ya mlango mpaka mchimbaji wa mwisho akatoka. Wote arobaini wako hai, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutupa pole.

Kisha shauri la ukuta lilipofika mbele ya kadhi, mdogo wako Mchangama, aliyekuwa akikuchanganyia chokaa, akaapa kuwa ilikuwa mbichi, hukuiacha iive shimoni, ndiyo maana ukuta ukaanguka. Mwongo mkubwa! Mimi Zaïnaba, mkeo, niliilowesha shimoni kwa mikono yangu miezi minne, na ngozi ilinibabuka. Leo yeye ndiye fundi mkuu wa wageni, na mjini watu wakiona ufa popote husema, "Kazi ya Zoubeiri hiyo." Tunawasikia. Tunawajibu pia, lakini nani husikiliza wanawake watatu?

Tunaokukumbuka siku zote ni mkeo Zaïnaba, binti yako Nadjati, na mama yako Bi Zoubeida, aliyezaa wana wawili, na sasa akiulizwa hujibu kuwa alizaa mmoja, naye yuko kaburini.