Tangi Likijaa, Injini Inakufa

Mashua ya Plover,
Mferejini, Braunston,
Northamptonshire.
24 Juni, 1996.

Kaka yangu mpendwa Jethro,

Habari za huko Dunedin, na baridi yenu ya Juni ambayo mpaka leo sijaizoea kichwani? Goti la wifi Marjorie limetulia? Sisi tu wazima. Mimi nilishikwa na mafua wiki mbili yakaniacha, na Baba anakula vizuri isipokuwa akiwa amenuna, na mwezi huu amenuna sana. Wifi aliniandikia kwamba ile pini ya kofia ya Mama uliyoichukua baada ya mazishi umeitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika juu ya meko. Nilifurahi kusikia. Usiisahau hiyo pini, nitairudia.

Najua unachongojea. Mlikubaliana na Baba kwenye simu, mimi nikiwa shahidi: akiifikisha Plover hapa Braunston kwenye mkusanyiko wa mashua za zamani, kwa injini yake mwenyewe, bila kuvutwa na mtu, anabaki majini. Akishindwa, unakuja Julai, mashua inauzwa, na yeye anahamia kile chumba cha ghorofa ya pili kule mjini Rugby. Baba alikubali upesi kwa sababu hakuona hatari yoyote. Injini ile ya mwaka thelathini na saba haijamtupa tangu alipomwoa Mama.

Sasa, kuanzia Aprili ikaanza kumtupa. Nilikuficha, nisamehe. Nilijua ukisikia tu ungekata tiketi.

Ilikuwa hivi. Anaizungusha kwa hendeli, inawaka vizuri, tunakwenda nusu saa, pengine dakika arobaini, halafu inaanza kukohoa na kuzima. Baba anashuka chumba cha injini, anafungua tangi la juu na kutumbukiza kijiti kupima mafuta. Mafuta yapo. Anatoa upepo kwenye mabomba, anazungusha tena, inawaka kama haijawahi kuugua. Nusu saa nyingine, kimya. Mara ya kwanza tulikwama pale Wormleighton kwenye kona, mashua ikalala katikati ya mfereji, na watu wa mashua za kukodi nyuma yetu wakaanza kutupa ushauri. Unamjua Baba kwa ushauri wa watu wa mashua za kukodi.

Mwishowe nikamwita Colin Wragg, yule aliyestaafu karakana ya mabasi, ambaye siku hizi anafunga mashua yake jirani na sisi Fenny Compton. Akabadilisha chujio. Injini ikawaka, akafuta mikono, akanywa chai. Ikazima baada ya dakika thelathini na tano. Akarudi akafungua pampu. Ikawaka, ikazima. Akasafisha nozeli zote mbili. Baba akamkalia pembeni muda wote.

“Wewe umezoea mabasi, Colin. Hii ina akili kukuzidi.”

“Ingekuwa na akili, mzee Abel, ingeshaniambia inaumwa wapi.”

Wakacheka, lakini Colin alipoondoka Baba alikaa kwenye ngazi na kuniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliniuliza kama ni masikio yake. Alisema zamani alikuwa akiisikia injini inapoanza kuumwa, kabla haijajijua yenyewe, na sasa hasikii kitu mpaka inyamaze. “Labda Jethro anasema kweli,” akasema, “labda nimemalizika mwanangu.” Roho iliniuma, kaka. Tangu Mama atuache Novemba sijamsikia akikubali kushindwa jambo lolote, na hilo alilikubali kwa sauti ndogo kabisa.

Basi mimi nikashika daftari. Nicheke ukitaka, ulinicheka tangu udogoni kwa kuhesabu malango ya maji. Niliandika kila safari: imewaka saa ngapi, imezima saa ngapi, hali ya hewa, na mafuta yalikuwa kiasi gani tangini. Kwa wiki mbili hakukuwa na kitu cha maana. Halafu siku moja nikaisoma safu ya mafuta peke yake, na nikaona kitu ambacho hakiingii akilini. Tangi likiwa karibu tupu, injini ilikwenda zaidi ya saa nzima. Tangi likiwa nusu, dakika arobaini. Tukilijaza mpaka shingoni, ambavyo ndivyo Baba alivyokuwa akifanya kila akiwa na wasiwasi, haikumaliza hata dakika ishirini.

Nikampelekea Colin daftari. Akalitazama, akavua miwani. “Thirza, unataka kuniambia injini imevimbiwa?”

Nikalichukua daftari langu nikarudi. Lakini nilijua nimeshika mkia wa kitu.

Alhamisi iliyopita tukatoka Fenny Compton, maana mkusanyiko ulikuwa Jumamosi na hapakuwa na muda tena. Ikazima mbele ya daraja, kama kawaida. Upepo ulikuwa unatusukuma kwenye mashua zilizofungwa, kwa hiyo Baba hakuweza kuuacha usukani. Akanipigia kelele nishuke mimi nikapime mafuta. Unajua hajawahi kumwachia mtu tangi lile, na wakati wote huo lilikuwa likifunguliwa na mkono wake, sikio lake bovu likiwa karibu nalo. Colin kila mara alifika likiwa limeshafunguliwa.

Kifuniko kikanigomea. Nikakikazia mkono, kikaachia, na tangi likavuta pumzi. Kweli kabisa, Jethro. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezamishwa kichwa akaachiliwa.

Nikakaa chini na kile kifuniko cha shaba mapajani. Kilikuwa kinang'aa mpaka unajiona uso. Juu hakina alama yoyote. Nikakigeuza, na kwa ndani, katikati, kuna tundu dogo, limejaa kitu cheupe kigumu. Nikakikwangua kwa ukucha, nikanusa. Dawa ya kung'arishia shaba, imeshindiliwa kutoka juu mpaka huko juu tundu halionekani tena.

Umeshaelewa? Mafuta yakishuka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie juu kushika nafasi yake. Jaribu kunywa soda huku midomo imeziba mdomo wote wa chupa, utaona. Tangi likijaa, hewa iliyomo ni kidogo, inaishiwa nguvu upesi na mafuta yanakataa kushuka. Na kila Baba alipofungua kupima, alikuwa anaiponya injini bila kujua, halafu sifa zinakwenda kwa chujio, au pampu, au nozeli za maskini Colin.

Mama alikuwa anang'arisha shaba kila Jumamosi, unakumbuka, aibu ya mashua yenye shaba chafu ilimuuma kuliko aibu ya kukosa chakula. Tangu afe, Baba anaing'arisha kila siku. Kila asubuhi, bila kukosa, kwa kitambaa chake Mama. Mimi nilikuwa namwona, na nilimwacha kwa sababu nilijua ni kwa nini.

Nilijaribu kuzibua kwa njiti ya kiberiti ikakatika ndani. Nikainua macho kutafuta kitu chembamba, na pale kwenye ubao nyuma ya tangi, kimo cha mkono wa mwanamke mfupi, kuna pini ya kofia imechomekwa, imefungwa uzi mwekundu kichwani. Ndugu yake ile yako. Imekaa pale miaka yote, na mimi siku zote nilidhani ni ya kushikia pazia. Nikaichomoa. Ncha yake ilikuwa na ukoko mweupe. Ikaingia kwenye lile tundu sawasawa.

Baba aliposhuka nilimwonyesha vyote viwili, kifuniko na pini. Akasema tangu Novemba amekuwa akipangusa vumbi kuizunguka pini ile bila kuigusa, kwa sababu Mama ndiye aliyeiacha pale. Kisha akauliza, “Kwa nini hakuniambia?” Nikamwambia labda hakuona haja, kila akimaliza kung'arisha alikuwa ameshalizibua tundu mwenyewe. Alilia, Jethro, na mimi nililia, na mashua ikaenda ikajipigiza kwenye mashua ya mtu tukaanza kuomba radhi.

Tukajaza tangi mpaka likamwagika. Ijumaa tukafika Napton, Jumamosi tukateremka malango ya maji yote tisa, Colin akituendea kando kwa baiskeli na saa mkononi. Haikukohoa hata mara moja. Saa tisa alasiri tukaingia Braunston, watu wamejaa kingo zote mbili.

Na kijana mmoja mwenye mashua mpya akamwuliza Baba swali lile wanalomwuliza kila mwaka: siri ya injini hii ni nini? Unalijua jibu lake, anagusa sikio na kuvimba kichwa. Safari hii hakugusa sikio. Alisema, “Mke wangu.” Akarudi kwenye usukani.

Basi njoo Julai kama ulivyopanga, tumekukosa sana. Karatasi za kuuza mashua ziache huko. Ila Baba ana ombi moja, na ameniambia niliandike kama alivyolisema: ile pini iliyo kwenye fremu uitoe uje nayo, kwa sababu hii moja inaweza kudondoka majini, na anataka ya akiba.

Nisalimie wifi Marjorie, na Keturah, na Silas na mkewe, na umbusu mjukuu mpya ambaye sijamwona. Shangazi Leah anawasalimu, na Colin pia, ingawa bado anadai angeigundua mwenyewe wiki hii. Mungu awafunike nyote, na njia ya kuja kwetu iwe nyepesi.

Dada yako akupendaye siku zote,
Thirza