Mdhamini wa Rejoice

Rejoice,

Uji uko kwenye chupa. Wasifu wako usiukunje, bahasha ya kaki iko kwenye droo. Pale kwenye uzoefu umeandika "sina", wakati msimu mzima ulipima maparachichi ya kikundi chetu na hakuna mkulima aliyelalamika. Andika hilo.

Mimi naenda Makambako. ~~Habari za hiyo kazi sitaki kuzisikia tena.~~ Nitapita Lyamkena kwa Lenard, anawauzia maparachichi hao hao wa kiwandani unaowaomba kazi. Nitamuuliza watu wa zamu ya usiku wanarudije nyumbani.

Asubuhi ulinicheka niliposema uniandike mimi mdhamini. Ukasema baba mzazi haandikwi, anaandikwa mchungaji. Sawa. Lakini mchungaji huyu amehamia usharikani juzi juzi tu, na umeweka jina lake bila kumwomba. Kwa hiyo nimempigia. Amekubali. Ila aliniuliza, hao waajiri wakimpigia simu, aseme wewe ni mtu wa namna gani.

Nimemweleza mpaka salio likaisha.

Baba yako, asiyeandikwa