Kinyonga Chumbani Mwangu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Beverlyne amefunga chuo. Amerudi na begi moja ya nguo na boksi ya waya — ndani kuna kinyonga. Jike, kijani, tumbo kubwa. Anasomea vinyonga wa huu msitu wetu, hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho chuoni, na kibali anacho. Nimeambia kanisa nzima. Jirani yangu Mama Andati akauliza, ina maana nimesomesha mtoto miaka hiyo yote aje afuge mdudu? Nikamwambia si mdudu, dada, na wako anafuga nini? Akatafuta kitabu chake cha nyimbo.

Leo nimejua mengi. Jicho moja linaangalia mbele, lingine nyuma, kila moja na shughuli yake. Ulimi umepita mwili kwa urefu. Na habadilishi rangi ajifiche, vile sisi tulidhani. Ni moyo wake. Akiogopa anakuwa mweusi. Nikasema basi huyu hawezi kudanganya mtu. Beverlyne akacheka sana. Huyu msichana wangu ana meno mazuri.

Jumanne, 5 Agosti

Zipporah alikuja kuchota maji. Mke wa Willis, kifungua mimba wangu. Nyumba yao iko hapo chini ya migomba. Mimba yake ni ya miezi saba. Mjukuu wangu wa kwanza — shali nimeshamaliza kufuma, nyeupe, hakuna kama hiyo hapa Iguhu. Akaona boksi kwa mpera. Akaacha mtungi hapo, akarudi kwake.

Hapa kwetu mwanamke mjamzito haangalii kinyonga. Wazee walisema kinyonga aliomba chakula akanyimwa, ndipo akatulaani tuwe tunakufa. Beverlyne akasema, Mama, hizo ni hadithi. Mimi pia nikasema ni hadithi. Nilisema kwa sauti ya juu, ili Zipporah asikie.

Jioni Beverlyne ameniambia huyu hatagi mayai kama wengine. Anazaa. Kila mtoto anatoka ndani ya ngozi ya utelezi, anaipasua mwenyewe, anaenda zake. Mama hata hamjui. Hiyo sikuipenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtoto wa Zipporah ametoka kabla ya siku zake. Hakulia. Msichana.

Jumapili, 10 Agosti

Tumemzika nyuma ya nyumba ya Willis. Tulikuwa wachache. Nilimfunga na ile shali. Daktari alisema ni presha ya Zipporah, ilipanda kitambo. Nani alitaka kusikia presha? Mama Andati aliimba vizuri, halafu tukiachana langoni akasema, "Mama Willis, msomi wako ametuletea nini?"

Safari hii ni mimi niliyetafuta kitabu cha nyimbo.

Jumatatu, 11 Agosti

Willis alikuja asubuhi, akakataa kiti. Aliongea polepole, na hiyo kwake ndiyo mbaya. Zipporah akitoka hospitalini ataletwa kwangu apone. "Sitaki kukuta hiyo kitu, Mama. Nikiikuta naiua. Na huyo msichana wako atafute pa kukaa."

Huyo msichana wako. Alikuwa anambebanga mgongoni mpaka shuleni.

Beverlyne yuko hospitalini, analala kwa kiti kando ya Zipporah. Hawaongei, lakini anamwosha, na wifi yake hamfukuzi. Alinipigia simu. Akasema kinyonga karibu azae, na hao watoto ndio amengojea mwaka mzima. Akiachiliwa sasa watapotea msituni, wenzake chuoni watavaa kofia ya kuhitimu bila yeye. Akasema, "Lakini ni nyumba yako, Mama." Angelia ningejua la kufanya. Hakulia.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Willis kinyonga nimemtupa mtoni. Nimemdanganya nikimtazama usoni. Akanishukuru, akasema basi Beverlyne abaki.

Kinyonga yuko chumbani kwangu, kando ya kitanda. Kwetu mwanamume mzima haingii chumba cha mamake, na Willis ni mtu wa heshima, nilimlea vizuri. Hapa tu ndipo hawezi kufika. Tangu nimwingize, huyu mnyama amegeuka mweusi.

Jumatano, 13 Agosti

Wamemleta Zipporah. Amelala kwa kochi, amekuwa mwepesi kama mtoto. Nilimpa uji, akashika kikombe tu. Maziwa yanamtoka, blauzi imelowa, na hakuna wa kunyonya. Beverlyne amekimbia sokoni kutafuta majani ya kabichi ya kumkanda. Willis ameketi na mke wake.

Niliingia chumbani kuchukua leso kavu, nikakuta kinyonga ameanza. Sijatoka. Nimeketi kitandani na daftari kwa magoti, maana nikitoka Willis atanisoma uso. Anazaa bila sauti. Anatembea kidogo kwa tawi, anaacha mmoja, anaendelea. Haangalii nyuma. Kadogo kananata hapo kama kamekufa — nasema basi, hata hawa — halafu ngozi inapasuka, mkono unatoka, unashika tawi. Vidole kamili. Nimeuma leso nisisikike.

"Mama, leso imepotea?"

Nimesema natafuta.

"Uko na nani huko?"

Nimesema naomba. Viatu vya Willis vimekuja mpaka kwa pazia la mlango, vikasimama. Haingii. Nilijua hataingia.

Lakini waya ya boksi ni ya kuzuia mkubwa. Mmoja amepenya. Urefu wa kijiti cha kiberiti. Anavuka saruji akiyumba, mbele nyuma, mbele nyuma, kama anayeuliza ruhusa kwa kila hatua. Nikiinama kitanda kitalia. Nikimwacha —

Amepita chini ya pazia.

Halafu Zipporah, ambaye tangu aletwe hajasema zaidi ya asante:

"Willis. Usikanyage."

Viatu bado naviona hapo chini. Kimoja kimeinuka kisigino.