Jicho Moja Nimefumba

Jumapili, Newala

Natangaza rasmi, mbele ya daftari hili, kwamba kuanzia leo nimejiuzulu ushauri wa mchezo wa puli.

Baba Zuhura na Baba Salome walikuwa wanacheza ule wa kutaja mpira na shimo kabla ya kupiga. Atakayeshindwa, kesho ateremke bondeni na baiskeli akachote maji ya nyumba zote mbili. Baba Zuhura alibakiza mpira mmoja tu, wa njano. Mwekundu ulikuwa umemzibia njia, kwa hiyo ilibidi augonge mwekundu, nao uusukume wa njano shimoni.

"Mtaalamu, imenyooka?" akaniuliza.

Nikachuchumaa, nikafumba jicho moja kama fundi wa milango. "Imenyooka. Piga."

Akapiga. Wa njano ulikwenda vizuri, halafu ukapinda taratibu, kwa sababu mguu mmoja wa ile meza umesimama juu ya tofali, na tofali lile nililiweka mimi. Baba Salome akamalizia yake bila haraka.

"Haya mtaalamu, na wewe kaandae madumu!" akacheka. Pale kwetu mtazamaji akitia neno na mpira ukakosa, adhabu mnagawana.

Jioni nzima nimewaza kile kilima na hili goti langu. Kuteremka sawa, lakini kupandisha na madumu...

Mke wangu ameniambia sasa hivi. Bomba la mtaa linatoa maji tangu saa kumi, na akina mama wameshajaza kila ndoo ya nyumba zote mbili.